Unga wa bakteria wa nyuki: pakiti mbili, mizinga sita

Kiangazi kilichopita, nyuki wa manzuki yangu, yaani mahali ninapoweka mizinga, walipokuwa wamedhoofika, nilinunua katika duka moja la vifaa vya ufugaji nyuki pakiti mbili za unga unaodaiwa kurudisha bakteria wenye manufaa katika utumbo wa nyuki, kila moja kwa shilingi 38,000. Niliuchanganya na maji ya sukari kama ilivyoelekezwa, nikalisha mizinga mitatu; mitatu mingine nikaipa maji ya sukari matupu.

Kasoro kubwa imo kwenye lebo yenyewe. Inataja Lactobacillus acidophilus, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa, na Bacillus subtilis, ambaye kwao ni udongoni. Wenyeji wa utumbo wa nyuki wa asali ni wengine kabisa: Snodgrassella alvi, anayetanda kwenye ukuta wa utumbo mithili ya lipu, Gilliamella apicola, anayevunjavunja pektini, kitu kilichomo kwenye kuta za chavua, na bifidobakteria pamoja na laktobasili waliozoea maisha ya nyuki. Nyuki kibarua huchomoza kwenye kitundu cha sega akiwa karibu hana bakteria, na ndani ya siku chache huwapata kwa kugusana na wenzake na kutoka kwenye masega waliyoyachafua.

Sikatai kwamba bakteria hao wanaweza kupotea. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin walionyesha kwamba nyuki waliopewa tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, walipungukiwa sana na bakteria, na waliporudishwa mzingani walikufa zaidi kuliko wasiopewa. Lakini nyuki wangu hawajawahi kuonja dawa ya aina hiyo, basi nilikuwa narudisha nini?

Isitoshe, lebo inataka unga uhifadhiwe chini ya nyuzijoto 25, ilhali dukani ulipangwa dirishani, juani, na nilipoufungua ulikuwa umeshika mabonge. Baada ya wiki sita sikuona tofauti yoyote kati ya mizinga, isipokuwa kwamba ile iliyopewa unga ilivamiwa na sisimizi. Mzinga uliokuwa hoi zaidi ulichangamka nilipouwekea sega la majana (watoto wa nyuki wasiokomaa), pamoja na nyuki wachanga waliolifunika, kutoka mzinga wenye nguvu. Halikunigharimu hata senti.

Pakiti ya pili niliirudisha bila kuifungua. Muuzaji, na hili nampongeza, aliipokea bila ubishi, akanibadilishia kwa bomba la moshi la kutulizia nyuki, ambalo hadi leo linafanya kazi vizuri.