Fremu ya chuma ya kuunda kwa mkono: gesi na shaba, au umeme?

Anayetaka kuunda fremu ya baiskeli ya mbio za uwanjani hapa Mbeya hukutana na swali hili mapema: aunganishe mabomba kwa shaba ya njano iliyoyeyushwa kwa moto wa gesi, au ayachomelee kwa umeme?

Kwa gharama, umeme unashinda. Mafundi wa mageti wamejaa Mwanjelwa na mashine wanazo. Gesi inadai mitungi miwili, oksijeni na asetilini, na kuijaza ni pesa.

Kwenye uimara ndipo penye kazi. Bomba jepesi la fremu, hata kwenye ncha zake nene, huwa milimita 0.9 hivi, moto wa kuchomelea mageti hulitoboa upesi. Shaba ya njano huyeyuka karibu nyuzi 900 za Selsiasi, chuma karibu 1,500, hivyo bomba lenyewe haliyeyuki. Mimi naupenda sana mshono huo wa shaba.

Hata bomba likipinda, unapasha kiungo cha shaba moto, unalichomoa. Lililochomelewa kwa umeme ni kulikata kwa msumeno tu.

Mwenye mabomba mazito na pesa kidogo, umeme unamtosha akipata fundi mwenye mkono mwepesi. Aliyeagiza mabomba membamba atafute gesi. Na kwa kuwa baiskeli ya uwanjani haina breki, kama utaiendesha barabarani, toboa tundu la breki ya mbele kabla ya rangi. Mteremko wa Mbalizi hauteremkwi bila breki.