Siku nne Katavi: tathmini ya kampuni iliyotupangia safari

Barabara kuu ya kutoka Sumbawanga hadi Mpanda inakatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na abiria wengi wa mabasi huipita wakisinzia, bila kujua kilichoko nyuma ya miti. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1974 na sasa ina kilomita za mraba 4,471, lakini magari ya watalii ndani yake ni ya kuhesabu na mahitaji mengi hayapatikani papo hapo. Kwa hiyo familia yetu iliikabidhi mipango yote kampuni moja ndogo ya utalii.

Niliiamini kwa sababu ilianza kwa kutukatalia. Tulitaka kwenda Aprili, wakati wa likizo, na mpangaji wetu akatujibu waziwazi kwamba masika huigeuza mbuga ya Katisunga kuwa tope zito, tena wanyama huwa wametawanyika kwa kuwa maji yapo kila mahali. Akatushauri twende Septemba, ingawa alijua tungeweza kughairi. Alisema kweli. Mto Katuma ulikuwa umebaki vidimbwi, na pale Ikuu viboko walikuwa wamebanana hata maji yenyewe hayaonekani: migongo imegandwa na tope lililokauka likapasukapasuka, dume mmoja ana jeraha bichi shingoni kwa kugombea nafasi, na kwenye kingo za mto mamba wamejificha mapangoni, pua tu zikichungulia. Tulikaa hapo saa tatu nzima, na hakuna gari jingine lililofika.

Maelezo waliyotutumia kabla ya safari yalikuwa ya watu wanaoijua Katavi. Walitukataza nguo nyeusi na za buluu kwa sababu huvuta ndorobo, na mdogo wangu, aliyeng'ang'ania suruali yake ya jinzi, aliumwa njia nzima ya miombo hadi mapaja yakavimba. Malazi yalikuwa mabanda ya hifadhi huko Sitalike, safi na ya kutosha.

Lawama yangu ni ya mafuta, nayo si ndogo. Kampuni ilipiga hesabu ya njia ya kwenda na kurudi, ikasahau mizunguko ya asubuhi na jioni ndani ya hifadhi, ambako gari hutembea polepole na kula dizeli kuliko barabarani. Siku ya tatu mchana dereva alilazimika kurudi Mpanda, zaidi ya kilomita 30 kutoka Sitalike, kujaza tangi, na safari yetu ya Ziwa Chada, ambayo mama aliisubiri kuliko zote, ikafutwa. Katika hifadhi ya mbali namna hii, kosa hilo lingeweza kutulaza porini. Waliomba radhi na kurudisha gharama za siku hiyo bila kuvutana.

Nimekwisha kuomba nafasi ya Septemba ijayo kwa kampuni hiyohiyo, na safari hii madumu mawili ya dizeli ya akiba yameandikwa ndani ya mkataba, pamoja na Ziwa Chada siku ya kwanza.