Kikadi cha XL4015 kwa kuchora shaba kwa umeme: uzoefu wangu, Lamu

Nakitumia kikadi hiki cha kupunguza volti, chenye skrubu ya volti na skrubu ya ampea, kuchora maandishi kwenye vibao vya shaba vya milangoni. Kinakula betri ya sola ya volti 12, na kwenye waya wa betri natia fyuzi ya ampea 3. Sifa yake kubwa: ampea hazipiti pale nilipoziweka. Ukifunga betri moja kwa moja, maji ya mrututu ya kuchoria hupata moto, yakishapata moto hupitisha umeme zaidi, na rangi ya kucha uliyozibia pasipochorwa hubambuka. Herufi zinaliwa pembeni, kibao kwisha.

Beseni la plastiki, mrututu (chumvi ya buluu ya shaba) gramu 150 kwa lita ya maji ya mvua ya jabia. Ya kisima yana chumvi, siyatii. Kibao kwenye waya chanya, kipande kikubwa zaidi cha shaba nyekundu kwenye waya hasi, sentimita 5 baina yao. Klipu zisiguse maji. Mrututu uliotumika usimwage baharini, unaua samaki.

Kabla ya kufunga beseni, weka volti 5. Rudisha skrubu ya ampea kinyume cha saa mpaka ilie tik-tik. Tia mita ya umeme kwenye 10A, ncha zake kwenye matokeo ya kikadi, pandisha polepole. Eneo wazi, lisilo na rangi, la sentimita mraba 20 nalitilia ampea 0.6. Ampea 1 kwa saa hutoa gramu 1.19 za shaba nyekundu, kwa hiyo hapo unapata kina cha milimita 0.04 kwa saa, ukitaka 0.1, tenga saa mbili na nusu. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la volti, usije ukapiga shoti betri.

Kasoro inayowaponza wengi: hasi ya kuingia na hasi ya kutoka si moja. Kipande cha kikadi kinachopima ampea kimekaa kati yake. Zikigusana, hata kupitia fremu ya sola, kikomo cha ampea kinakufa na skrubu yake haifanyi kitu.

Kimeandikwa ampea 5, lakini kupita 3 kinaunguza kidole bila bamba la kupoza. Kwa hewa yetu ya chumvi kipake vanishi, skrubu uziache.

Taa ndogo ya kikomo iwake muda wote wa kazi. Ikizima, ampea zimeshuka chini ya kikomo, sugua klipu kwanza: mara nyingi ni ukoko wa kijani.