Huduma ya Kubadilisha Chujio na Mchanga wa Tangi la Maji ya Bahari, Mjini Unguja

Mafundi wa matangi ya samaki si wengi Unguja, na waliopo wengi wamezoea samaki wa maji baridi. Tangi la maji ya bahari lililokwisha kutulia, lenye mawe hai (mawe ya matumbawe yaliyojaa viumbe wadogo) na kitatange waliokulia humo, ni kazi nyengine kabisa. Duka nililolipa kazi hiyo ni dogo, liko upande wa Ng'ambo, na tangi lenyewe ni la lita 400. Nilitaka chujio la zamani la kopo liondolewe, pawekwe hodhi la chini ya tangi lenye mtambo wa kutoa povu, unaonasa uchafu wa maji kwa povu hilo, na mchanga uliokwisha kuwa mweusi ubadilishwe.

Sifa kubwa ya fundi huyu ni kukataa kuifanya kazi yote kwa mkupuo. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na taka za samaki, kuwa nitraiti, na nitraiti kuwa nitreti, hawaelei majini kwa wingi bali hujishikiza kwenye mawe, kwenye sifongo za chujio na kwenye chembe za mchanga. Ukiondoa chujio na mchanga siku moja, mawe peke yake huenda yasiumudu mzigo, na amonia hupanda huku maji yakionekana safi kama kawaida. Kwa hiyo chujio la kopo liliachwa lifanye kazi sambamba na mtambo mpya kwa zaidi ya mwezi, na sifongo zake zilisuuzwa kwa maji yaliyotolewa tangini humo, kwa kuwa klorini ya maji ya bomba huua bakteria hao hao tunaowalinda.

Mchanga uliondolewa theluthi baada ya theluthi, kila awamu ikisubiri kipimo cha amonia kisome sifuri. Ulifyonzwa kwa mpira pamoja na maji yake badala ya kuchotwa, jambo la maana sana, kwa sababu katika tabaka la chini lisilofikiwa na oksijeni hujikusanya haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza ambayo ni sumu kwa samaki. Harufu tuliisikia kwenye ndoo, na ndoo ndipo mahali pake. Mchanga mpya, wa aragonaiti yenye chembe za milimita 1 hadi 2, ulioshwa mpaka maji yakatoka maangavu, kisha ukateremshwa kwa bomba pana hadi chini ili usitibue tangi. Ni ghali, lakini fundi hakukubali kuchota ufukweni, na nadhani alifanya vyema: uchimbaji wa mchanga unadhibitiwa na sheria, na wa ufukweni huja na taka zake.

Maji ya kujazia yaliletwa kutoka Mbweni, yakichotwa bamvua wakati maji yamejaa, na yalipimwa chumvi mbele yangu kabla ya kumiminwa. Wakati wa masika kipimo hicho ni cha lazima, kwani maji ya mvua yanayotiririka pwani huipunguza chumvi chini ya gramu 35 kwa kilo ambazo samaki hawa wameuzoea ukali wake.

Dosari ninayowalaumu nayo ni ya hodhi la chini. Umeme ukikatika, pampu husimama na maji ya tangi hurudi chini kwa bomba la kupandishia mpaka mdomo wake upate hewa. Hodhi lazima liwe na nafasi ya kuyapokea, na bomba litobolewe tundu dogo karibu na uso wa maji ili hewa iingie na mvuto wa maji ukatike mapema. Fundi hakutoboa tundu wala hakuchora mstari wa kikomo cha kujaza, na umeme ulipokatika usiku sakafu ilirowa maji ya chumvi mpaka chini ya kabati. Alipoitwa alikuja siku ya pili na kurekebisha bila malipo, ingawa kabati lilikwisha kuvimba. Kelele za mtambo wa povu ni jambo dogo. Zilipungua ulipozoea maji.

Samaki wote wako hai na wanakula. Kazi ya mchanga ningewapa tena bila kusita. Ya mabomba ningewapa pia, ila kabla ya kumaliza malipo ningezima swichi kubwa ya nyumba fundi akiwa bado amesimama mbele ya tangi.