Vanishi ya mati kwa brashi ya hewa: ipi ununue kwanza

Modeli ya plastiki imepakwa rangi, stika za maji zimekaa sawa, hata tope la kuigiza kwenye minyororo limekaukia mahali pake, lakini kifaru cha kivita kinang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Kilichobaki ni vanishi ya mati, yaani isiyong'aa, na hapo ndipo kazi ya wiki tatu huharibika kwa dakika moja. Yalinikuta. Chupa yangu ya kwanza sikuitikisa vya kutosha. Modeli za mwanzo zikatoka na mng'ao, nikailaumu vanishi. Nilipofikia masalia ya chini, ndege ya kijani kibichi ikaota ukungu mweupe kama iliyonyunyiziwa unga.

Sababu ni moja kwa yote mawili. Vanishi ya mati ni vanishi ya kawaida iliyotiwa chembe ndogo mno, mara nyingi za silika. Chembe hizo huupa uso vijinundu visivyoonekana kwa macho, na mwanga ukivigonga hutawanyika ovyo badala ya kurudi kwa pamoja. Chupa ikitulia, chembe huzama. Ukimimina maji ya juu unapata mng'ao; ukimimina tope la chini, au ukirundika tabaka nene, unapata ukungu. Kwa hiyo yoyote utakayonunua kati ya hizi, ikoroge kwanza kwa kijiti hadi chini, kisha itikise.

Chaguo langu la kwanza ni GX114 Super Smooth Clear Flat, ya familia ya rangi za Mr. Color. Ni laka, yaani yenye kiyeyushi kikali cha kemikali. Ichanganye na Mr. Color Leveling Thinner, sawa kwa sawa au hata thina maradufu, kisha puliza kwa shinikizo la kama bar 1 hadi 1.4. Inatoka laini sana mkononi: ni mati kweli, lakini ukipitisha kidole husikii chengachenga. Hukauka haraka, na haina tabia ya kuziba nozeli katikati ya kazi. Inashika imara pia, jambo linalosaidia kama utaishikashika modeli baadaye. Usiidhanie kuwa ni GX113, ambayo nayo ni mati ila imeongezewa kinga ya miale ya jua. Si mbaya, ni chupa nyingine tu.

Ubaya wake ni mvuke. Kama huna kibanda chenye feni ya kutoa hewa nje, pamoja na barakoa ya vichujio vya mvuke wa kemikali (ile ya kitambaa haisaidii kitu), ruka chaguo hili. Jambo la pili, laka ikilowesha sana hukunja stika na kushambulia rangi laini iliyo chini, hasa ya enameli. Anza kwa mpulizo mwembamba mara mbili au tatu, kila mara uache ukauke, ndipo uongeze. Siku ya unyevunyevu mwingi hewani, ahirisha. Laka hunasa unyevu inapokauka na kugeuka nyeupe.

Kwa anayepulizia chumbani, namba mbili yangu ndiyo inapaswa kuwa namba moja yake: Ultra Matte Varnish ya AK Interactive, ya akriliki ya maji, chupa ya mililita 60. Hii inaua mng'ao kabisa. Kwa magari ya kivita ya kipimo cha 1/35 yaliyojaa vumbi sijaona ya kuizidi. Tahadhari ni kwamba rangi nyeusi na kijani kizito hupauka kidogo chini yake, basi vivuli vyako vifanye vizito kidogo kuliko unavyotaka vionekane mwishoni.

Ya tatu ni Matt Varnish ya Vallejo, namba 70.520. Ni salama juu ya karibu kila kitu na haina mvuke wa kukuchoma pua. Tatizo lake ni kukaukia kwenye ncha ya sindano, mpaka inaanza kutema matone. Matone machache ya kichelewesha ukaukaji hupunguza hilo, pamoja na nozeli ya milimita 0.3 au kubwa zaidi. Dukani angalia lebo vizuri, kwa sababu 70.540 ni Matt Medium, ya kuchanganywa na rangi, na chupa zinafanana kama pacha.

XF-86 Flat Clear ya Tamiya naiweka ya nne. Si mbaya, mati yake ni ya wastani tu, na kwa mikono mizito huota ukungu upesi. Ukiichanganya na thina ya laka ya Tamiya badala ya X-20A, thina yao ya akriliki, inalala vizuri zaidi, ila ukifika hapo unavuta mvuke uleule wa GX114, kwa nini usinunue GX114? X-21 Flat Base iache rafuni mpaka ujue kazi yake: ni kiungo cha kutia kwenye rangi au vanishi ya mng'ao. Ukiipulizia peke yake, modeli itageuka nyeupe.

Makopo ya kupuliza kama TS-80 ni ya asiye na brashi ya hewa. Wewe unayo.

Ukungu ukishatokea, usikimbilie kukwangua. Puliza tabaka jembamba la vanishi ya mng'ao juu yake. Mara nyingi uwazi hurudi, kisha urudie mati kwa wepesi. Hii ni sababu ya kununua chupa mbili kwa pamoja, na ile ya mng'ao unaihitaji hata hivyo chini ya stika, zisiache kingo zinazong'aa kama fedha.

Modeli ya ndege yenye rangi ya chuma kitupu usiiguse na chupa yoyote kati ya hizi. Mati hugeuza rangi ya chuma kuwa kijivu cha plastiki. Hapo nunua nusu mati.