Duka la DVD za zamani Kamalondo: hapa Bogart anazungumza kwa sauti yake

Kama unaishi Lubumbashi na unapenda filamu za kale za Hollywood, nenda Kamalondo, upande wa nyuma ya uwanja wa Mazembe, umuulizie papa anayeuza DVD za Ulaya. Duka halina kibao. Ni chumba cha mbele cha nyumba ya kawaida, mlango wa chuma wa kijani, na ndani rafu za mbao zinazogusa dari. Vijana wa hapo wote wanamjua, watakufikisha.

Diski zake zinatoka Ubelgiji kwenye makontena ya vitu vilivyokwisha kutumika. Katika kontena hizohizo wengine hupokea friji na magodoro; yeye hupokea makatoni ya filamu ambazo wazee wa kule wamezichoka, au wameziacha walipofariki. Ni diski halisi, kila moja na kasha lake na karatasi yake. Hakuna zile zinazobanwa filamu kumi na mbili ndani ya diski moja mpaka sura za watu hazitambulikani.

Mimi ni mshonaji, nashona Katuba, na mtu wa kazi yangu akiona kitu kimepunguzwa au kimevutwa hawezi kunyamaza. Ndiyo maana nalisifu duka hili. Papa huyu hauzi filamu iliyochezewa. Kila diski anaijaribu mbele yako kwenye televisheni ndogo iliyo juu ya meza: anatazama mwanzo, anaruka katikati, halafu anakwenda mwisho kabisa. Anasema diski nyingi zinakwaruzwa ukingoni, na mara nyingi ukingoni ndiko unakokaa mwisho wa filamu. Ukinunua bila kujaribu, utatazama saa moja na nusu kwa furaha, kisha picha itaganda wakati wapenzi wanaagana. Siku moja nilikuwa nimeshika filamu ya Gilda, kasha safi bila doa, nimeshatoa na pesa. Akaifikisha mwishoni, ikaganda. «Mama, hii usikamate,» akasema, akaitia kwenye kartoni ya takataka palepale. Nilingoja sana nyingine ifike, na ilipofika alinipigia simu mwenyewe.

Halafu sauti. Huku kwetu tumezoea filamu za Marekani zinazosema Kifaransa, zimebandikwa sauti za watu wa Paris, na watu wengi hawajui kwamba diski hiyohiyo ina sauti halisi ndani yake. Papa anafungua orodha ya lugha, anachagua Kiingereza, anaweka maandishi ya Kifaransa chini, anakuonyesha namna ya kufanya ukifika nyumbani. Mimi Kiingereza changu ni kidogo, lakini sauti ya mtu si maneno tu. Mwigizaji Lauren Bacall alikuwa na miaka 19 alipocheza na nyota Humphrey Bogart katika filamu ya To Have and Have Not (1944). Ile sauti yake nzito, ya chini, inayotoka polepole, ndiyo nusu ya uigizaji wake. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliinamisha kidevu na kutazama kwa chini kwa sababu woga ulikuwa unamtetemesha kichwa, na mtazamo huo ukamfanya nyota. Sasa mwondolee sauti, umpe ya msichana mwingine wa studio, nyembamba na ya haraka: umebaki na macho peke yake. Nilikuwa nimemwona kwa Kifaransa tangu utoto. Nilipomsikia mwenyewe kwenye televisheni ile ndogo nilikaa kwenye kigoda cha wateja mpaka filamu ikaisha, na papa hakunifukuza.

Na umbo la picha. Filamu za miaka ya 1930 na 1940 zilipigwa karibu na mraba. Televisheni zetu za sasa ni pana, na ukiziacha zifanye zitakavyo, zinaivuta picha kushoto na kulia kama kitambaa cha elastiki, Bogart anakuwa na mashavu ya mtu aliyevimba na Ingrid Bergman anapata mabega ya mchukuzi. Watu hutazama hivyo miaka yote wakidhani ndivyo walivyoumbwa. Uliza, papa atakuonyesha kitufe cha telekomandi kinachorudisha picha katika umbo lake. Mistari miwili myeusi ya pembeni usiiogope. Hakuna kilichokatwa.

Turudi kwenye Gilda, ya 1946, maana hapo ndipo diski nzuri inapomfaa mshonaji. Gauni jeusi la satini la Rita Hayworth lilibuniwa na Jean Louis, Mfaransa aliyefanya kazi Hollywood. Halina mkono wala mkanda begani, na Rita humo ndani anatembea, anatupa nywele, anainua mikono yote miwili, anavua glavu ndefu, na gauni haliteremki hata kidogo. (Sauti inayoimba ni ya Anita Ellis. Mwili unaoimba ni wa Rita, na mimi nilikuwa natazama mwili.) Maharusi wangu wote wanataka gauni la namna hiyo, na wote huingia kanisani wakilivuta juu kila dakika. Nilisimamisha picha, nikaipeleka mbele kidogokidogo. Anapoinua mkono, satini ya kifuani haifuati mkono. Kwapani hakuna mkunjo unaovutika. Basi nguo imeshikwa kwa ndani, chini ya kifua, na ile ya nje imepumzika tu juu yake. Jean Louis aliwahi kueleza alichofanya: utepe mgumu chini ya kifua, baleni tatu, moja katikati na mbili ubavuni, kisha plastiki iliyolainishwa kwa moto na kufinyangwa kufuata ukingo wa juu. Baleni tatu! Sisi tunashindilia vijiti hivyo kuzunguka kifua chote na gauni bado linashuka. Kwenye nakala mbovu satini nyeusi inakuwa doa moja jeusi, huoni kitu. Kwenye diski ya papa unaona mwanga ukiteremka kwenye nyonga na kuishia kwenye fundo la kiunoni.

Lakini rafu inayonirudisha Kamalondo ni ile ndogo ya kando ya dirisha. Ameitenga kwa filamu zilizopigwa katika nchi yetu. Hollywood ilifika Kongo, na ilileta nyota wake wakubwa.

Mwaka 1951 mwongozaji John Huston aliwaleta Bogart na Katharine Hepburn kwenye mto Ruiki, karibu na Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, kupiga The African Queen. Bacall, mkewe Bogart, alifuatana naye. Kamera za Technicolor, za filamu za rangi, wakati ule zilikuwa madude makubwa mazito, na kazi ilikuwa kuzipeleka msituni na juu ya maji. Hepburn aliugua tumbo. Baadaye wakahamia Uganda, na sehemu nyingine wakaimalizia studio Uingereza. Bogart akapata Oscar kwa filamu hiyo, na ndiyo pekee aliyopata maishani.

Papa ndiye aliyenieleza, huku akifuta diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kwamba vita vinavyosimuliwa katika filamu hiyo, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vilipita mjini kwetu. Mwaka 1915 Waingereza waliteremsha boti mbili, Mimi na Toutou, huko Cape Town, wakazipandisha treni hadi Elisabethville, Lubumbashi hii hii, kisha hadi Fungurume, mahali reli ilipoishia. Kutoka hapo zilivutwa kwa mashine za mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, zikaendelea hadi ziwa Tanganyika kupigana na meli za Wajerumani. Vita hivyo ndivyo vilivyo nyuma ya riwaya ya C. S. Forester ya 1935, na riwaya ndiyo iliyozaa filamu. Leo mtu akitaja Fungurume tunafikiri malori na shaba tu. Mimi nafikiri boti mbili zikiburuzwa mlimani kwenye vumbi.

Naipenda filamu ile kwa moyo wote, na bado kuna kinachoniuma kila nikiitazama. Waafrika wapo mwanzoni kanisani, wanaimba, halafu kijiji kinachomwa na wao wanaondoka katika hadithi. Nchi yetu imebaki kama pazia la nyuma la wazungu wawili wanaopendana. Hilo ni lazima lisemwe, hata na sisi tunaowapenda hao wawili.

Miaka saba baadaye akaja Hepburn mwingine, Audrey, ambaye hana udugu na Katharine. Mwongozaji Fred Zinnemann alimleta Stanleyville, Kisangani ya leo, mwaka 1958, kwa ajili ya The Nun's Story, iliyotoka 1959. Ukiniuliza filamu moja ya kukodi dukani hapo, nitakutajia hiyo. Wakati ule Audrey alikuwa mwanamke anayevishwa na Givenchy, mbunifu wa mavazi wa Paris. Tangu Sabrina ya 1954 dunia nzima ilikuwa inatazama shingo yake, kiuno chake, mabega yake. Zinnemann akachukua vyote hivyo akavifunika kwa nguo za mtawa. Hakuna shingo, hakuna nywele, hakuna kiuno. Zimebaki macho, mdomo na vidole. Tazama anavyoficha mikono ndani ya mikono ya kanzu, na jinsi inavyochomoka haraka mgonjwa anapoletwa, kabla hajakumbuka kuomba ruhusa. Hadithi yake nzima ni hiyo, mtawa na muuguzi wanaogombania mikono ileile. Mwishoni anavua vazi, anavaa nguo za kiraia zisizomkaa vizuri, mlango unafunguka, anatoka nje, na muziki hakuna. Kimya kabisa mpaka neno la mwisho kwenye kioo. Usizime mapema ukidhani televisheni imekufa.

Na humo kuna msaidizi wa hospitali anayeitwa Illunga. Katanga nzima hakuna mtaa usio na Ilunga! Nilipolisikia jina hilo likitoka kinywani mwa Audrey Hepburn nilipiga kelele, mama mkwe akaja kuona kuna nini. Aliyemcheza ni Errol John, mtu wa Trinidad, na mhusika mwingine, Kalulu, alichezwa na Orlando Martins wa Nigeria. Kumpata Mkongomani wa kumcheza Ilunga kule Kisangani kusingekuwa kazi ngumu. Lakini Errol John anamcheza kwa heshima, ana utulivu wa mtu anayejua kazi yake, na namshukuru.

Sasa bei. Kukodi ni 3.000 FC kwa siku tatu, na unaacha dhamana ya 10.000 FC ambayo anakurudishia yote diski ikirudi bila mikwaruzo. Kununua ni dola 5 kwa nyingi, zaidi kwa zile za makasha mawili. Ni ghali kuliko flashi iliyojaa filamu za barabarani, na mimi nalipa bila kunung'unika.

Kasoro zipo. Filamu amezipanga kwa jina la nyota, si la mwongozaji, kwa hiyo anayemtafuta Zinnemann au Huston lazima ajue nani alichezea nani. Diski nyingine zimetoka upande wa Wafalmishi, Wabelgiji wanaosema Kiholanzi, maandishi ya chini ni ya Kiholanzi peke yake. Mwambie akuonyeshe kabla hujatoa pesa, kwa sababu kasha halisemi ukweli kila mara. Umeme ukikatika hakuna kujaribu, na yeye hauzi bila kujaribu, hivyo unaweza kurudi mikono mitupu. Nenda asubuhi, mpigie simu mtu wa Kamalondo kwanza ujue kama umeme upo. Jumapili hafungui.

Ninayoitafuta kwake bado haijafika: Carmen Jones ya 1954, ya Dorothy Dandridge, mwanamke mweusi wa kwanza kuteuliwa kugombea Oscar ya mwigizaji mkuu wa kike. Nimeona picha yake katika ile sketi nyekundu na nataka kuiona ikitembea. Papa ameliandika jina langu kwenye daftari. Ukiikuta kwenye rafu kabla yangu, ikodi, usiinunue, niachie na mimi niione.