Pampu ya umeme ya kukamulia maziwa: miezi minne kati ya Likoni na Kilindini

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama mwajiriwa nchini Kenya likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili, ilhali wauguzi wa kliniki, kwa kufuata ushauri wa Shirika la Afya Duniani, humtaka amnyonyeshe mwanawe bila kumpa kitu kingine chochote hadi atimize miezi sita. Miezi mitatu inayobaki kati ya hesabu hizo mbili ndiyo iliyonifikisha katika duka moja la vifaa vya watoto, hatua chache kutoka Biashara Street, mwanangu akiwa na wiki tisa. Nilinunua pampu ya umeme ya kukamua matiti yote mawili kwa wakati mmoja, kwa shilingi 4,800. Jina lake silitaji, kwa kuwa pampu za umbo hili huuzwa kwa majina mengi na kilichomo bokisini hakitofautiani sana: mota ndogo yenye betri ya kuchaji, mirija miwili, vali mbili za silikoni, chupa mbili na chuchu zake, pamoja na faneli mbili, yaani vile vikombe vyenye mdomo mpana vinavyobandikwa kwenye titi.

Wiki ya kwanza nilitaka kuirudisha. Nilikuwa nikikaa nusu saa nzima nikitoka na mililita 30 tu, tena kwa maumivu. Mavyaa wangu, aliyekuwa amekuja kutoka Msambweni kunitazama wakati wa uzazi, aliamini kwamba maziwa yamepungua akaniongezea uji wa pilipili manga, nami kwa adabu nikaunywa bila kumkumbusha kwamba mtoto mwenyewe alikuwa akinyonya hadi akiliachia titi na kulala. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyeiona kasoro. Aliniomba niibandike pampu mbele yake, akatazama jinsi ile ngozi nyeusi inayoizunguka chuchu ilivyokuwa ikivutwa ndani ya shingo ya faneli, kisha akanipima chuchu kwa rula. Faneli za bokisini zilikuwa na kipenyo cha milimita 24, na mimi nilihitaji 21. Shingo ikiwa pana mno, pampu huivuta ngozi inayopaswa kubaki nje, titi likavimba na maziwa yasitoke vizuri. Ikiwa nyembamba mno, chuchu husuguliwa hadi ikachubuka. Nilipouliza dukani nilijibiwa kwamba saizi nyingine hawaziweki, na muuzaji hakuona haya kuniambia kuwa wateja wengine hawalalamiki. Nilizipata siku nne baadaye katika duka la dawa, shilingi 700 kwa jozi, na alfajiri ya siku iliyofuata, saa ambazo kwa akina mama wengi maziwa huwa tele, nilikamua mililita 100 kwa dakika 20.

Baada ya hapo sina budi kuisifu mota. Huanza kwa mivuto mepesi ya haraka haraka, kama mtoto anavyoanza kunyonya ili maziwa yashuke, kisha baada ya dakika mbili hujigeuza yenyewe ikavuta polepole na kwa nguvu zaidi. Ina ngazi tisa za nguvu. Mimi sijawahi kupita ya nne, na anayedhani kwamba kupandisha ngazi ni kupata maziwa mengi atajiumiza bure. Betri ikijaa hutosha kukamua mara nne, jambo ambalo sikulijali sana dukani lakini ndilo lililoniokoa kazini. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea chenye mahali pa kunawia mikono, friji na hata soketi ya pampu, na ampe mama muda wa kukamua mbali na ule wa chakula, usiozidi saa moja katika saa nane za kazi. Mimi nilipewa stoo ya mafaili, yenye mlango unaofungika, kiti na feni, bila soketi wala friji. Kelele ya pampu ni kama ya cherehani inayoshona chumba cha pili, na nimewazoea wenzangu wanaokohoa kwa heshima wakipita mlangoni.

Upungufu mkubwa zaidi wa boksi hili, ukizingatia hali ya hewa yetu, ni kutokuwa na mfuko wa kuhifadhi ubaridi. Maziwa yaliyokamuliwa huweza kukaa saa nne katika joto lisilozidi nyuzi 25, na siku nne ndani ya friji. Lakini Mombasa ya mwezi wa Februari hupita nyuzi 30 mchana, na jioni kivukoni hakuna ajuaye atasimama kwa muda gani akingoja feri, kwa hiyo hizo saa nne mimi sizihesabu kabisa. Nilinunua kikapu chenye kuta nene na pakiti za barafu kwa shilingi 1,500, na chupa hutiwa humo mara tu ninapomaliza kukamua.

Usafi wake si kazi kubwa. Vipande vinavyogusa maziwa huoshwa kwa maji moto na sabuni kila baada ya kutumiwa, na mirija haiingii maji kwa kuwa kuna kiwambo kinachozuia maziwa kurudi hadi kwenye mota. Chuchu za bokisini sijazitumia, kwani muuguzi alishauri kikombe kidogo kilicho wazi, ambacho husafishika kwa urahisi, na mavyaa alikizoea kwa siku mbili. Katika mwezi wa tatu pampu ilianza kulegea, nikaanza kutafuta bei ya nyingine, kumbe zilizochoka ni vali: nilipozibadilisha kwa shilingi 400, nguvu ilirudi kama ya siku ya kwanza.

Shoga yangu wa Kongowea hutumia pampu ya mkono ya shilingi 1,300 na anaridhika nayo, kwa sababu anafanya kazi nusu siku karibu na nyumbani. Kwa anayekuwa mbali na mtoto kwa saa tisa au kumi, kama mimi, ya umeme inafaa, na ningeinunua tena. Ila ukijumlisha faneli, vali na kikapu, bei yake halisi ni shilingi 7,400, na hiyo ndiyo bei ambayo ningetaka muuzaji anitajie siku ile.